Hoteli ya Istanbul inataka picha ya kadi yangu ya benki kwa WhatsApp. Nitume?

MamaVitenge

Wakuu habari zenu, wakubwa shikamooni.

Mwezi ujao naenda Uturuki kufuata mzigo, nguo za watoto na mapazia. Mwenzangu wa hapa Kariakoo kanipa namba ya hoteli moja ndogo pale Laleli. Yeye hulala hapo kila akienda, bei nzuri na watu wa kago wako mlango wa pili. Nikawaandikia WhatsApp, kijana wa mapokezi kajibu vizuri tu, kanitajia bei kwa dola, kasema nitalipa nikifika. Nikafurahi. Halafu ikaja hii, naiweka kwa Kiswahili changu: "Ili tukushikie chumba tunaomba picha ya kadi yako ya benki, mbele na nyuma, pamoja na pasipoti. Hatutakata chochote."

Sasa kama hamkati chochote, ya nyuma mnaitakia nini? Na kadi yenyewe ndiyo ya akaunti ya duka, hela ya mzigo yote imo humo. Mwenzangu anasema yeye hutuma kila safari na hajawahi kuibiwa. Mume wangu anasema nikituma, yakitokea ya kutokea nisimpigie simu usiku. Naombeni wenye uzoefu mnisaidie.

Kijiwe Nongwa

Navuta kiti, nangoja wajuzi. Ila mama, mzee kaongea.

Mapokezi Znz

Mama Vitenge pole na heka heka za safari. Mimi nipo upande wa pili wa kaunta. Nafanya kazi mapokezi kwenye hoteli hapa Zanzibar, na kupokea namba za kadi za wageni ni sehemu ya kazi yangu. Nitakueleza namba yako ikishafika kwetu inakuwaje, kisha uamue mwenyewe.

Kwanza, ombi lao si lazima liwe la wizi. Hoteli inayokushikia chumba bila hela ina hofu moja: usipotokea, chumba kimelala tupu. Ndiyo maana inataka kadi ya dhamana. Usipotokea inakata usiku mmoja, ukitokea unalipa kwa njia unayotaka. Ni jambo la kawaida, hata sisi tunalifanya. Lakini kwa dhamana hiyo kinachotakiwa ni jina lililo kwenye kadi, ile namba ndefu, na mwezi na mwaka wa kuisha. Basi.

Zile namba tatu za nyuma ni habari nyingine. Kanuni za makampuni ya kadi, zinaitwa PCI DSS na Visa na Mastercard wote wamo, zinamkataza mfanyabiashara kuzihifadhi muamala ukishaidhinishwa. Si kwenye kompyuta, si kwenye daftari, si kwenye faili lililofungiwa kabatini. Anayekuomba picha ya nyuma ya kadi anakuomba umsaidie kuvunja kanuni yake mwenyewe, na mara nyingi hata hajui kwamba ipo. Kaambiwa na aliyemfundisha kazi, naye aliambiwa na aliyemtangulia.

Sasa niseme ambalo meneja wangu asingependa niliseme. Simu ya hoteli yenye WhatsApp si sefu. Kwetu ni simu moja, inalala kaunta, zamu zote zinapokezana, na nywila yake imeandikwa kwenye kikaratasi nyuma ya kompyuta. Picha ikiingia inajihifadhi yenyewe kwenye picha za simu, katikati ya picha za maua ya harusi na risiti za gesi. Kijana wa usiku akitaka kumuuliza mwenzake, anaitupia kwenye grupu la wafanyakazi: "huyu keshalipa?" Na grupuni yumo mpaka aliyeacha kazi tangu Ramadhani, hakuna aliyekumbuka kumtoa. Hapo sijakutajia mwizi hata mmoja, ni watu wako kazini tu. Lakini kadi yako sasa imo kwenye simu za watu usiowajua, na siku mmoja wao akiuza simu yake bila kuifuta, picha inaondoka nayo.

Waambie hivi, kwa upole: picha ya kadi situmi, nitumieni linki ya malipo nilipie usiku wa kwanza. Hoteli nyingi zenye mashine ya kuswaipu siku hizi zimepewa na huduma ya linki. Namba unazijaza mwenyewe kwenye ukurasa, mapokezi wanachoona ni kwamba imelipwa, na namba nne za mwisho.

Babu Kitasa

Mnajichosha. Dubai, Guangzhou, Mumbai, kote nimekwenda na sijampa mtu namba ya kadi. Nafika, nauliza chumba, natoa dola, napewa ufunguo. Hamna aliyelala nje.

Mapokezi Znz

Mzee wangu, heshima yako. Lakini fika Guangzhou wakati wa maonyesho ya Canton, Aprili au Oktoba, bila chumba, halafu urudi hapa utuhadithie. Na anayeomba viza ya Schengen, ile ya nchi za Ulaya, anatakiwa aonyeshe pa kulala hata kabla hajapewa viza, dola zake bado ziko chini ya godoro. Kuna safari ambazo lazima ubuku kutoka huku.

Babu Kitasa

La Canton nakubali, vyumba hupanda bei mpaka huruma. La Schengen halinihusu, sina biashara na baridi.

Kaunta Namba Nne

Nipo idara ya kadi kwenye benki moja hapa Dar. Sitaitaja, msinitafutie matatizo. Mapokezi kaeleza vizuri upande wa hoteli, nieleze upande wa benki, maana hapa watu wengi wanajipa matumaini yasiyokuwepo.

Hoteli ina njia mbili za kukata kadi yako ukiwa mbali. Ya kwanza, wewe unajaza namba kwenye ukurasa, benki yako inakutumia OTP, ile namba ya siri ya kutumika mara moja inayokuja kwa SMS, au inakuuliza kwenye programu ya simu, unathibitisha, muamala unapita. Ya pili, mtu wa hoteli anachukua namba ulizompa kwa WhatsApp au barua pepe na kuzibonyeza kwa mkono kwenye mashine yake. Kwa njia hii ya pili OTP haiji. Hakuna anayekuuliza. Utapata SMS ya makato, hela imeshakwenda. Kwa hiyo wanaosema "hata wakiwa na namba, bila OTP hawafanyi kitu" wanajidanganya.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo hata wenzangu wa matawi huwa hawaielezi. Muamala wa kubonyezwa kwa mkono ukiwa wa wizi, kuupinga ni rahisi zaidi kuliko ule wa OTP. Kwa sababu hoteli ndiyo iliyoamua kukata bila kukuuliza, ikishindwa kuonyesha ushahidi kwamba ni wewe, hasara ni yake. Lakini ukishaingiza OTP, kwa macho ya benki wewe ndiye uliyeidhinisha. OTP ni saini yako. Mtu akikupigia akajifanya wa hoteli, akakuomba usome namba iliyoingia kwenye simu, anakuomba umsainie hundi.

Muda wa kufungua madai ya udanganyifu chini ya kanuni za Visa na Mastercard kwa kawaida ni siku 120, lakini msizihesabu kama mtaji. Ukiona makato usiyoyajua, fungia kadi hapo hapo kwenye programu, kisha njoo tawini ujaze fomu ya kupinga muamala. Njoo na mazungumzo yote uliyofanya na hoteli. Mkifuta WhatsApp mnatufanya tuingie vitani mikono mitupu.

Mama Vitenge, tatizo lako kubwa silioni kwenye picha. Liko kwenye "hela ya mzigo yote imo humo". Kadi ya mkopo ikiibiwa, kinachogombaniwa ni hela ya benki. Kadi zetu wengi huku ni za debiti, ikiibiwa ni hela yako iliyoondoka, na wakati madai yanazunguka, wiki hata miezi, wewe uko Laleli na mtu wa mapazia anataka chake. Fungua akaunti ya pili, iombee kadi, ya duka iache itulie. Kwenye ya safari weka hela ya usiku unaolipia na ziada kidogo. Ila usiiache kavu kabisa: hoteli iliyopewa kadi kwa dhamana huweza kuijaribu siku yoyote kabla hujafika, ikikataa wanafuta nafasi yako bila hata kukuandikia.

Na kwenye programu ya benki yako tafuta sehemu ya kuwasha na kuzima malipo ya mtandaoni. Benki nyingi zinayo siku hizi. Unawasha, unalipa, unazima.

Kijiwe Nongwa

Kaunta, hapo kwenye mtu wa mapazia umenigusa.

Mwana wa Mombasa

Wadau, sisi huku tuna GlobalPay ya M-Pesa, Safaricom na Visa waliianzisha mwaka wa 2022. Kadi haipo mfukoni, ipo ndani ya simu, hela inatoka M-Pesa, na zile namba tatu unaziomba kila unapotaka kulipa, zinakufa baada ya muda mfupi. Mwizi akizipata jioni hazimfai tena. Huko Tanzania pia mitandao ya simu imetoa kadi za namna hii, ulizeni wakala wenu.

Kwa kulipia chumba moja kwa moja sijaona kitu kizuri zaidi. Lakini kwa dhamana inasumbua. Kuna hoteli moja Dubai nililipia usiku wote kwa kadi ya simu, kufika kaunta wanataka niwaonyeshe kadi iliyolipa. Plastiki sina. Nikawaonyesha ujumbe wa M-Pesa, hawauelewi, wakamwita meneja. Nimekaa na mabegi pale kwenye kochi, watoto wanauliza kama tumefukuzwa. Mwishowe meneja akalinganisha jina la pasipoti na jina la nafasi, akasema sawa. Halafu wakataka depoziti ya vitu vya chumbani, na kadi ya simu mashine haikuitaka, nikatoa dirhamu mkononi. Kwa hiyo ukitumia kadi ya simu, beba risiti iliyochapwa na pesa taslimu za depoziti.

Jambo lingine dogo, linaudhi. Mashine ya kadi kule nje hukuuliza ukatwe kwa shilingi au kwa pesa ya nchi ile. Chagua pesa ya nchi ile. Ukichagua shilingi, wenye mashine ndio wanaopanga kiwango cha kubadilisha, na hawajawahi kukuonea huruma.

Shangazi wa Muscat

Salaam aleikum nyote. Kaunta na Mapokezi Mwenyezi Mungu awalipe. Mimi niongeze wizi unaowala watu wengi huku Ghuba, kwa sababu huu hauombi picha ya kadi wala haupigi simu.

Huu unakuja ukiwa umeshabuku, kihalali, kwenye tovuti kubwa inayojulikana. Unakuja ndani ya mazungumzo yale yale na hoteli, kwenye programu ile ile. Jina lako lipo. Tarehe zako zipo. Bei mpaka senti ipo. Huwa wa namna hii:

"Mgeni wetu mpendwa, mfumo umeshindwa kuthibitisha kadi yako. Tafadhali ithibitishe ndani ya saa 12 kupitia linki hii, vinginevyo nafasi yako itafutwa. Kiasi kitakachozuiwa kitarejeshwa papo hapo."

Nani asingeamini? Mwizi hapo hakukuvamia wewe wala tovuti, kamvamia kijana wa mapokezi. Anamwandikia hoteli kama mgeni, kasahau begi chumbani, au ana malalamiko, au anajifanya ni tovuti yenyewe. Kijana anafungua, kompyuta inaingiliwa, nywila zinaibwa, na mwizi anaketi kwenye akaunti ya hoteli akiandikia wageni wote wa mwezi huo. Microsoft walieleza wimbi moja kama hilo Machi 2025: barua pepe zinajifanya za Booking.com, zinampeleka mfanyakazi wa hoteli kwenye ukurasa wa "thibitisha wewe si roboti", na uthibitisho wenyewe ni kunakili amri na kuibandika kwenye kompyuta yake kwa mkono wake mwenyewe.

Na si jambo la jana. Desemba 2018 matapeli waliwapigia simu wafanyakazi wa hoteli 40 za Umoja wa Falme za Kiarabu, hapa jirani, wakawalaghai nywila za mfumo wa Booking.com. Wakafikia taarifa za wateja 4,109. Kadi za watu 283 zilionekana, na 97 kati ya hizo zilikuwa pamoja na zile namba tatu za nyuma alizozisema Mapokezi. Mwaka 2021 mamlaka ya ulinzi wa data ya Uholanzi ikaitoza Booking.com faini ya euro 475,000, kwa kuwa ilichelewa siku 22 kuipa mamlaka hiyo taarifa ya wizi huo.

Mnaikumbuka SMS ya "ile hela tuma kwenye namba hii"? Ule ni wizi wa kubahatisha, inatumwa kwa kila mtu ikitumaini kuna mmoja anadaiwa kodi siku hiyo. Huu wa hoteli haubahatishi. Unajua unadaiwa, na nani, na kiasi gani.

Dawa yake ni kutobishana na ujumbe kabisa. Toka kwenye mazungumzo, fungua ukurasa wa nafasi yako kwenye programu. Kama kweli kadi imekataa, programu yenyewe itakuonyesha hapo pa kubadilisha kadi, bila linki ya mtu. Kama imeandikwa imethibitishwa na haidai kitu, basi ujumbe ni wa mwizi, hata kama umetoka kwenye akaunti ya hoteli. Ukitaka uhakika zaidi piga hoteli, kwa namba uliyoitafuta wewe, si iliyo kwenye ujumbe.

Na jueni hili: ukiwa umeilipa tovuti yenyewe, mara nyingi tovuti huilipa hoteli kwa kadi yake ya mtandaoni. Hoteli haina haja ya kadi yako kwa ajili ya bei ya chumba. Ukifika watakutaka depoziti, sawa. Dubai watakudai na ile dirhamu ya utalii, 7 mpaka 20 kwa chumba kwa usiku kulingana na daraja la hoteli, hiyo nayo ni halali na hulipwa kaunta. Lakini bei ya chumba hulipwi mara mbili.

Dogo wa Mwanza

Shangazi shikamoo. Mimi yangu imegeuka kidogo. Namsindikiza mama Chennai, India, kwa matibabu. Aliyetutafutia hospitali ametupangia nyumba ya wageni karibu na pale, anataka tulipe mwezi mzima kabla, kwa kutuma benki. Akaunti ni ya jina la mtu, si ya nyumba ya wageni. Anasema mwenye nyumba ndiye huyo. Kadi hawapokei. Hapo nafanyaje?

Kaunta Namba Nne

Dogo, mpe pole mama, Mungu amsimamie.

Kutuma benki kwenda India ukishatuma umetuma. Hakuna siku 120 hapo. Nikiandika kuomba hela irudi, benki ya kule inamuuliza mwenye akaunti kama yuko tayari kurudisha, akisema hapana habari imeisha. Western Union ni vile vile, ikishachukuliwa imechukuliwa. Kwa hiyo usilipe mwezi. Mgonjwa hata tarehe ya kuruhusiwa haijulikani, mwezi wa nini? Mwambie utalipa siku chache za mwanzo, mengine mkifika na kuona chumba. Na kabla ya hata hizo chache, iandikie hospitali yenyewe. Hospitali kubwa za kule zina kitengo cha wagonjwa wa kimataifa, waulize kama wanaijua nyumba hiyo na kama wana orodha yao. Mara nyingi wanayo, na bei huwa chini kuliko ya dalali.

Dogo wa Mwanza

Asante mkuu. Kumbe ndiyo maana hataki niongee na hospitali.

MamaVitenge

Nimerudi. Nimewaambia kama alivyonielekeza Mapokezi, hawakukasirika wala nini, kijana kasema "tamam" na kutuma linki ya usiku mmoja. Ila linki haina jina la hoteli hata herufi moja. Ina neno iyzico. Nimeingiwa na wasiwasi mpya. Na pasipoti bado wanaing'ang'ania.

Shangazi wa Muscat

Mama, iyzico ni kampuni halisi ya malipo ya Kituruki, wafanyabiashara wadogo wengi kule wanaitumia. Linki isiyo na jina la hoteli inaweza kuwa halali, na yenye jina la hoteli limeandikwa kwa madaha ikawa ya mwizi. Anwani isome hivi: tafuta mkwaju (/) wa kwanza baada ya jina la tovuti, kisha rudi nyuma, maneno mawili ya mwisho kabla ya mkwaju, au matatu kama inaishia na com.tr au co.tz, ndiyo mwenye nyumba. Yote yaliyo kushoto kwake mtu anaweza kuandika apendavyo, hata aandike booking mara tatu. Na ile kufuli ndogo haikwambii kwamba mwenye tovuti ni mwaminifu. Inakwambia tu kwamba mnayozungumza hayasikiki njiani. Mwizi naye anayo kufuli.

Lakini kampuni kuwa halisi hakukwambii hela inaingia kwa nani. Yule mwenzako wa Kariakoo ana risiti ya zamani ya hoteli hiyo? Chukua namba ya mezani iliyochapwa pale juu, piga kwa sauti, uliza: mmenitumia linki, ya kiasi gani? Wakitaja kiasi kile kile, lipa.

Mapokezi Znz

Shangazi kamaliza la linki. La pasipoti hawakosei. Nchi nyingi hoteli inalazimika kuandikisha mgeni kwa serikali. Dogo atakutana nalo India, kule wanajaza fomu ya kila mgeni wa nje ndani ya saa 24. Uturuki nako wageni huandikishwa polisi. Ila wajibu huo unaanza ukifika. Kabla ya hapo jina na namba ya pasipoti vinawatosha kuandaa nafasi.

Wakishikilia sana, tuma nakala uliyoandika juu yake kwa kalamu, ikatize picha na maandishi: jina la hoteli, tarehe, na "kwa usajili wa mgeni tu". Usiweke na kadi kwenye picha moja kamwe. Makampuni makubwa yenye walinzi wa mitandao yameibiwa, sembuse simu yetu ya kaunta. Marriott, kampuni kubwa ya hoteli, walitangaza mwaka 2018 kwamba hifadhidata ya wageni wa Starwood, hoteli walizozinunua, iliingiliwa, na humo zilikuwemo namba za pasipoti zaidi ya milioni 5 ambazo hazikufichwa kwa msimbo wowote. Uingereza iliwatoza faini ya pauni milioni 18.4 mwaka 2020. Kadi unabadilishiwa ndani ya wiki, pasipoti mpya mnajua wenyewe foleni yake.

Mwana wa Mombasa

Na mama, kama ungependa kutumia Booking.com kwa Uturuki, buku ukiwa bado Dar. Mahakama ya huko iliizuia mwaka wa 2017 isiwauzie watu walioko ndani ya Uturuki hoteli za Uturuki. Ukitua Istanbul ukafungua programu, huenda hoteli za pale zisibukike. Wapigadebe wa uwanjani wanalijua hilo, wanakuja na "hoteli bei nafuu" na mashine ya kadi mkononi.

Babu Kitasa

Mashine ya kadi uwanjani? Mimi na dola zangu tumekaa kimya.

MamaVitenge

Nimepiga namba ya risiti. Kapokea mama mmoja, Kiingereza chake na changu tumevumiliana, kiasi kataja sawasawa. Nimefungua akaunti nyingine kama alivyosema Kaunta, kadi naambiwa nikaichukue Alhamisi, nikishaipata ndiyo nitalipa kwa hiyo. Pasipoti wamekubali namba tu.

Swali la mwisho, halafu niwaache mpumzike. Nikiwa kule nikataka kulipa kitu mtandaoni, OTP itanifikia? Laini yangu mara ya mwisho nilivuka Namanga tu ikakata mtandao.

Kaunta Namba Nne

Inategemea umeiandaa au la. Huduma ya rominga iwashe ukiwa bado Dar, kwa kupiga huduma kwa wateja wa mtandao wako. Ukishatua kule bila mtandao, hata kuwaomba wakuwashie inabidi uazime simu. Ulizia bei ya kupokea SMS, maana inatofautiana, na zima data ya rominga ili isikumalize salio. Kwa intaneti tumia Wi-Fi ya hoteli au laini ya kule, lakini laini ya nyumbani isitoke kwenye simu. Wanawake wa biashara wengi wanaitoa, wanaiweka kwenye pochi, halafu wananipigia usiku wa manane kwamba OTP haiji.

Kama benki yako inathibitisha malipo ndani ya programu badala ya SMS, hilo ni bora zaidi, linahitaji intaneti tu. Uliza Alhamisi ukienda kuchukua kadi, na waambie kabisa tarehe utakazokuwa Uturuki. Muamala wa kwanza wa nje kwenye kadi mpya mifumo yetu huutilia shaka, na kuifungua tena kadi Jumapili si jambo la dakika mbili.

MamaVitenge

Nimeelewa. Alhamisi nitakwenda na maswali yote kwenye karatasi.

Kijiwe Nongwa

Mama, bei ya mapazia ya kule ukirudi utatuwekea uzi wake?